Riziki na Kalamu Iliyogoma

Usitukane ncha, na mkia hujaufungua.

Asubuhi hiyo Bi Mwanaidi alikuwa anamenya vitunguu vya shughuli uani kwa jirani yake, machozi yanamtiririka na kisu hakisimami. Salha na mdogo wake Nuria walikuwa wamepewa kazi ya kuosha vile alivyokwisha kumenya. Ndani, bibi harusi aliyeletwa tangu jana alikuwa hajatoa neno. Wifi yake mmoja akatoka uani amekunja uso.

"Huyu mtoto ana maringo huyu," akasema. "Namsalimia, ananitazama tu kama mimi ukuta."

Bi Mwanaidi hakuinua hata macho. "Usitukane ncha, mwenzangu, na mkia hujaufungua."

Yule wifi akarudi ndani. Safari hii wakamsikia anamuuliza bibi harusi, kwa sauti ya chini, kama tangu jana kuna mtu aliyempa hata chai.

Salha akamtazama Nuria, Nuria akamfinya. Mwisho Salha ndiye aliyethubutu.

"Bibi, ncha ya nini? Na mkia wa nini?"

"Wa kalamu."

"Kalamu ina mkia?"

"Osheni vitunguu, nitawaambia. Methali nyingi hakuna ajuaye zilizaliwa wapi. Hii ina kwao, na kwao ni mtaa wa nyuma hapa hapa Tanga. Aliyeizaa namjua, nimeshamkopesha chumvi mara ngapi."

Ilikuwa hivi.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Riziki Mhina, na kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye vyeti. Shule zikikaribia kufunga, vyuo vya Kurani vikihitimisha, vyeti vinachapishwa kiwandani na nafasi ya jina inaachwa tupu. Walimu wakuu walikuwa wanavibeba kwenye mabahasha mpaka kwa Riziki, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa kanzu mpya. Mtoto aliyepata alama za mwisho, akiona jina lake limeandikwa na Riziki, anaona naye ni mtu.

Hakuwa msemaji. Akija mteja, anapokea bahasha, anatikisa kichwa, anaonyesha vidole vitatu, maana yake siku tatu. Maneno yake yote yalikuwa mkononi. Alikuwa anaandikia kalamu za kujaza wino wa chupa, na katika hizo alizipenda za zamani za Kijapani, ambazo mafundi wake walishakufa. Alizionea kwenye simu. Huko Japani kuna mnada wa mtandaoni, watu wanauza vitu vya babu zao, saa, mabirika, kalamu. Ila wauzaji wengi hawatumi mzigo nje ya nchi yao, na mnada wenyewe unataka anwani ya huko na namba ya simu ya huko. Mtu wa Tanga anaweza kutazama tu, kama mtoto dirishani kwa muuza halua.

Riziki lakini alikuwa na Tausi.

Tausi Kilua alilala kitanda cha chini, Riziki cha juu, miaka minne ya bweni Korogwe. Tausi ndiye aliyekuwa anamsemea Riziki kwa matroni, kwa walimu, hata kwa muuza maandazi. Sasa alikuwa anaishi mji wa Nagoya, anafanya kazi kiwanda cha kupakia vyakula vya mchana. Riziki anachagua kalamu, Tausi anaipigania mnadani, muuzaji anaipeleka kwa Tausi, Tausi anaifunga upya na kuituma Tanga. Hachukui chochote. "Nikitaka malipo nitakuja kula kwako mwezi mzima," anasema, na anacheka mpaka simu inakwaruza. Kalamu tatu zilipita njia hiyo, zikafika salama.

Ikaja ya nne.

Ilikuwa nyeusi, nene kama kidole gumba cha mwanamume, imepakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka, na ubavuni mtu alichora masuke ya mpunga kwa dhahabu. Muuzaji aliweka na picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu hiyo. Riziki aliikuza picha ile mpaka ikawa ukungu. Mstari ulikuwa unashuka mnene na kupanda mwembamba, vile vile jina la mtu linavyotaka. Chini yake palikuwa na maneno ambayo Tausi alimtafsiria: kitu cha kale, hakirudishwi.

Mnada ulikuwa unafungwa saa nne usiku kwao, yaani saa kumi jioni kwetu. Na mnada ule una tabia moja mbaya. Mtu akipandisha bei mwishoni, saa inajiongeza dakika tano. Riziki alikaa na simu sikioni, Tausi upande wa pili.

"Wamepandisha," Tausi akasema.

"Pandisha."

"Nimepandisha. Ngoja... Wamepandisha tena."

"Nani hao?"

"Nitajuaje? Mtu mmoja ana herufi mbili na nyota. Riziki, hii sasa inakula vyeti vya mwaka mzima."

"Pandisha, shoga."

Saa ilijiongeza mara nne. Mara ya nne Riziki alikuwa amesimama, mgongo umelowa. Kisha Tausi akasema taratibu, "Ni yako."

Mngedhani alipiga vigelegele. Hapana. Alikaa chini tu. Alichokuwa anakiogopa dakika tano zile ni kuikosa, na sasa aliyeikosa ni yule wa nyota, basi hofu yake ikahamia kwingine. Je, ikivunjika? Ikipotea? Ikifika si yenyewe?

Kifurushi kilitumwa baada ya siku tisa. Siku hiyo Tausi alimtumia Riziki ujumbe wa sauti wa dakika sita. Mlijue hili la Tausi: ujumbe wake ulikuwa kama ziara ya Idi. Anaanza na salamu, anauliza mama, anauliza shangazi, anauliza majirani kwa majina, anauliza kama yule paka aliyekatika sikio bado yupo. Kisha anahadithia mafua yake. Riziki alisikiliza amesimama, anasubiri neno moja tu. Dakika ya tatu Tausi akasema, "Basi, mzigo nimeutuma leo, namba ya kuufuatilia hii hapa." Riziki akakata. Akasema moyoni, nitamalizia baadaye.

Toka hapo akawa mtu wa kufuatilia namba. Kimeondoka Nagoya. Kimefika mahali fulani. Kiko mahali pale pale. Siku nane kiko mahali pale pale. Alikuwa anaamka anatazama, anaosha vyombo anatazama, anaandika jina la mtoto wa watu nusu, anatazama, anarudi kuandika nusu iliyobaki. Siku moja aliruka herufi katika jina, jambo ambalo halijawahi kumtokea, ikabidi aombe cheti kingine.

Mbele ya kibanda alichokuwa anaandikia Riziki, ng'ambo ya barabara, alikuwepo fundi saa, Shekiango, mtu mwenye mdomo usio na breki.

"Dada Riziki, mzigo leo uko wapi?"

"Njiani."

"Bado tu? Hiyo ndege inapigwa makasia?"

Siku ya ishirini na moja posta wakampigia simu. Alikichukua kifurushi kwa mikono miwili, akatembea nacho kama aliyebeba maji bila kifuniko. Alipokiweka mezani, Shekiango alikuwa keshavuka barabara.

"Hii imefunguliwa," akasema, anapitisha kidole juu ya gundi. "Ona, utepe juu ya utepe."

"Tausi ndiye anayefunga upya. Siku zote ndivyo."

"Aa, mimi nimesema tu imefunguliwa."

Kalamu ilikuwamo, imevingirishwa kwenye soksi mpya ya mtoto. Masuke yake yaling'aa. Riziki aliifungua kiunoni, akaijaza wino kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akaifunga, akavuta karatasi. Akaweka ncha. Akavuta mstari.

Karatasi ikabaki nyeupe.

Akaitikisa. Akavuta tena. Akaibonyeza kidogo, ikakwaruza kavu kama kucha ukutani. Akachovya ncha ndani ya chupa, ikaandika "Riz" kwa uzuri wa kutoa machozi, halafu ikakauka hapo hapo. Akaiosha kwa maji. Akaisimamisha ncha chini ndani ya glasi, akahesabu mpaka mia tatu. Akajaribu tena. Hakuna. Na wino ulikuwamo ndani, ukiitikisa unausikia unacheza.

Kufikia alasiri vidole vyake vilikuwa vyeusi na midomo imemkauka. Shekiango akaja na lenzi yake jichoni.

"Ncha hii ina mkwaruzo. Kwenye picha ulikuwepo?"

Wakafungua picha. Wakatazama kalamu, wakatazama picha, wakarudi kwenye kalamu. Ukitazama kwa hofu hakuna vitu viwili vinavyofanana. Mara suke hili lilikuwa limeinama zaidi. Mara dhahabu ya picha ilikuwa nyekundu zaidi.

"Dada," Shekiango akasema, anapangusa lenzi, "mimi saa zinaletwa hapa kila siku. Mtu anatoa mashine nzuri ya ndani, anaweka mbovu, ganda linabaki lile lile. Mwenyewe anavaa anaringa nayo. Hajui mpaka isimame."

"Unataka kusema nini?"

"Mimi? Mimi nasema saa."

Lilimwingia. Kwenye picha kalamu iliandika. Huku haiandiki. Kati ya picha na huku kuna mikono ya mtu mmoja tu. Riziki alilifukuza wazo lile, likarudi limeleta na wenzake. Mbona Tausi hakuuliza hata siku moja kama imefika? Mbona alicheka sana siku ile? Na kiwanda cha vyakula kinalipa kiasi gani mpaka mtu atume vifurushi vya wenzake miaka miwili bila malipo?

Hapo Nuria akashindwa kunyamaza. "Bibi, si angempigia tu simu amuulize?"

"Wewe huijui Pwani," Bi Mwanaidi akasema. "Na humjui mtu mkimya. Mtu mkimya anaona haya kumuuliza mtu mmoja uso kwa uso, lakini haoni haya kurusha jiwe katikati ya watu. Wa kwetu hatusemi. Tunarusha kijembe."

Ndicho alichokifanya Riziki. Kwenye simu walikuwa na kundi lao la waliosoma Korogwe, wanawake thelathini na wanne. Miaka yote Riziki alikuwa anasoma tu, haandiki, labda amina kwenye msiba. Jioni hiyo akaandika: "Kuna watu wako mbali lakini mkono wao mrefu. Kitu kinatoka kwao kizima, kinatufikia ganda. Ncha imekufa. Aliyeiua anajijua."

Hakutaja jina. Lakini katika wanawake thelathini na wanne, aliyekuwa mbali ni mmoja.

Kundi likawaka.

"Heee! Bubu kasema!"

"Leo kuna moto, nani ana maji?"

"Huko Nagoya mnasikia, au mmelala?"

Mwingine akatuma picha ya bakuli la bisi, kama yuko sinema.

Tausi alikuwa hajalala. Aliandika mstari mmoja. "Riziki, unanisema mimi?"

Pale palikuwa na nafasi, wanangu. Nafasi pana kama mlango wa msikiti. Angesema, Tausi, kalamu haiandiki, naogopa. Maneno manne tu. Riziki alitazama ule mstari, na wale wanawake wote wanamtazama, au aliona wanamtazama, akaandika tena: "Aliyeiua anajijua."

Dakika mbili hivi. Kisha pakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: Tausi ameondoka kwenye kundi.

Asubuhi yake Riziki alifungua mazungumzo yao ya wawili, tangu mwanzo, anatafuta ushahidi. Alitaka ayapige picha, aziweke kwenye kundi, watu wajue hakusema ovyo. Maana walishaanza kumwandikia pembeni, wengine wanampongeza, na pongezi zile zilikuwa zinamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akipandisha, akishusha, akakutana na ule ujumbe wa sauti wa dakika sita. Akaubonyeza ili asikie mtu anavyodanganya.

Salamu. Mama. Shangazi. Majirani. Paka. Mafua. Nimeutuma leo, namba hii hapa. Hapo ndipo alipokuwa amekata. Lakini Tausi alikuwa anaendelea, na sauti imebadilika, imekuwa ya mtu anayeinama karibu:

"Sasa sikiliza, Riziki, usije ukalia bure. Hii si kama zile tatu. Huku mkiani kuna kikofia kinazunguka. Kikikazwa, wino haupiti hata tone, ndivyo walivyozitengeneza hawa watu ili zisivuje. Mimi mwenyewe nilidhani ni mbovu! Nimelia, wallahi. Nikampelekea mzee mmoja jirani yangu, anazo kama hizi, akacheka, akanionyesha. Nimeiosha, nimeikausha, nimekikaza sana kwa ajili ya ndege. Ukishatia wino, legeza mkia kidogo tu, ukiona ufa mwembamba kama ukucha, acha. Ncha haina neno. Na ukiona inavyoandika utanisahau wewe! Haya, shangazi msalimie tena, umwambie dawa ya mafua imefika..."

Riziki hakungoja dawa ya mafua. Alichukua kalamu, akaushika mkia kwa vidole viwili. Ulikuwa umekazwa kweli. Ukakataa, halafu ukalegea bila sauti, na ufa ukatokea, mwembamba kama ukucha. Akangoja. Akaweka ncha kwenye karatasi, hakubonyeza hata kidogo.

Wino ukaja.

Ukaja wenyewe, mweusi, unashuka mnene na kupanda mwembamba, na Riziki akaandika jina la kwanza lililomjia, akaliandika tena, ukurasa mzima. Hakuwahi kushika kalamu nzuri namna ile. Na hakuwahi kujiogopa namna ile.

Shekiango alipovuka barabara alikuta karatasi imejaa: Tausi, Tausi, Tausi.

"Kumbe inaandika!"

"Inaandika."

"Si unaona? Mimi nilisema saa tu, sikusema..."

"Wewe ulisema, kaka," Riziki akamwambia. "Mimi ndiye niliyeandika."

Shekiango akarudi kwenye saa zake, na inasemekana siku hiyo hakumtania mtu mpaka adhuhuri.

Riziki akachukua karatasi safi. Kwa kalamu ile ile, kwa mwandiko ule wa vyeti, akaandika: "Mimi Riziki Mhina nimemsingizia Tausi mbele yenu. Kalamu ni nzima. Nilitukana ncha, na mkia sikuufungua." Akaipiga picha, akaiweka kwenye kundi. Hakuweka fumbo, hakuweka nukta za kuvutia huruma. Kisha akaeleza yote, mkia, kikofia, ujumbe aliokatia njiani.

Aliyetuma bakuli la bisi akalifuta. Baadaye mmoja akaandika, "Jamani, na mimi jana nimemtukana mume wangu, sikuufungua mkia." Wakacheka kidogo, kicheko cha aibu. Na wanawake thelathini na watatu ni nyumba thelathini na tatu. Wa Muheza akamwambia baba mkwe aliyekuwa anaipiga pampu ya maji mateke, kumbe koki ya tangi imefungwa. Wa Pangani akamwambia mwalimu aliyemwita mtoto mzito, kumbe mtoto haoni ubao. Neno likapita hivyo, kutoka jiko mpaka jiko, mpaka leo analisema mtu ambaye kalamu yenyewe hajaiona wala hajui kama kalamu ina mkia. Kitu kikikunyima, usikimbilie kukitukana pale unapoona kimekauka. Kazunguke nyuma. Huenda mtu amekifunga kwa kukuhurumia.

Ila mmoja hakuisoma ile karatasi. Tausi hakuwemo tena kwenye kundi.

Riziki alimpigia mara tano. Simu iliita mpaka ikachoka. Akajua saa hizo Tausi yuko kwenye mstari wa kiwandani, mikono ina glavu. Akangoja saa za kutoka kazini. Akapiga tena, ikaita tena. Ndipo akaandika, yeye ambaye maneno yake yote yalikuwa mkononi, na safari hii mkono haukuwa na kalamu ya kuusaidia, kidole tu na kioo cha simu. Alifuta mara nyingi. Ujumbe uliobaki ulikuwa huu:

"Tausi, ndugu yangu. Nimesikiliza mpaka mwisho, nimechelewa. Ncha haikuwa na neno, na wewe hukuwa na neno. Usitukane ncha, na mkia hujaufungua. Nimelijua hilo kwako. Sikuombi unisamehe leo. Nijibu tu kama mafua yamepoa."

Akautuma. Vikatokea vialama viwili, na baada ya muda vikageuka buluu, maana yake umesomwa. Juu ya skrini pakaandikwa kwamba Tausi anaandika. Riziki akaishika simu kwa mikono yote miwili. Yale maandishi yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena, na Riziki akabaki anapatazama pale pale yalipokuwa.